Naomba ushauri: boksa za kuvaa porini msimu wa uwindaji

Habari wakuu. Mimi ni traka, nafuata nyayo kwenye kitalu cha uwindaji wa kitalii upande wa Rungwa. Msimu ukianza Julai asubuhi ni baridi ya kutetemeka, ila ikifika saa sita jua linachoma na tumeshatembea kilomita 15 nyuma ya nyati.

Shida yangu ni boksa za pamba. Zinanyonya jasho halafu hazikauki, mshono unasugua, na jioni mapaja yamechubuka natembea kama bata. Poda nimepaka, mafuta ya mgando nayo yanasaidia kwa saa mbili tu.

Mgeni mmoja aliniambia anavaa za sufu ya kondoo wa merino, eti hazinuki hata siku ya tatu. Sufu kwenye joto hili, jamani? Mwingine anasema poliesta yenye spandeksi (nyuzi zinazovutika), ndefu hadi katikati ya paja.

Aliyewahi kuvaa mojawapo anisaidie: ipi inakauka haraka ukiifua usiku kambini? Dar nazipata wapi mpya? Za mitumba sitaki, na nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku.