Semi la korosho limetugonga nyuma Mikindani, tajiri anataka nisaini karatasi. Nifanyeje?

Mchuuzi wa Mchinga

Wakuu, habari za jioni. Mwenye uelewa wa bima na kesi za barabarani anisaidie, maana Jumatatu nimeitwa na mwenye semi na karatasi ameshaiandaa.

Nafanya biashara ya dagaa na ng'onda, nachukua mzigo Mchinga na kuuleta soko kuu Mtwara kwa kirikuu yangu, kigari kidogo cha mizigo. Mwezi uliopita asubuhi tunaingia Mikindani, watoto wa shule wakawa wanavuka kwenye zebra, nikasimama. Taa zangu za breki ni nzima zote. Nyuma kulikuwa na semi la magunia ya korosho kutoka Masasi. Nilisikia honi ndefu, halafu tukasukumwa mpaka mtaroni. Alhamdulillahi watoto walikuwa wameshamaliza kuvuka.

Utingo wangu amevunjika mguu chini ya goti, amewekewa chuma hospitali ya Ligula. Mimi ni shingo na bega, usiku silali upande wa kulia. Chesisi ya kirikuu imepinda, dagaa wote waliishia kwenye maji ya mtaro. Trafiki walikuja wakapima na kuchora, tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa. Dereva alifikishwa mahakamani, akakiri kosa la uzembe, akalipa faini.

Sasa tajiri anasema faini imelipwa kwa hiyo kesi imekwisha. Anasema dereva hakuwa wake, alikuwa deiwaka wa siku ile tu, na breki zilifeli, ni bahati mbaya. Kwa ubinadamu atanipa milioni moja na nusu, mimi na utingo, tukisaini kwamba hatutadai tena. Bima yangu ni ndogo, haitengenezi gari langu. Mama wa yule kijana anauza mihogo ili kununua dawa, na mimi ndiye niliyemchukua mwanawe kazini. Nisaini?

Mama Madai

Mwanangu, poleni sana. Nilikaa kwenye dawati la madai ya bima za magari mpaka nilipostaafu, sasa niko Lindi nalima. Usisaini.

Faini ile ni ya serikali. Ni adhabu ya dereva kwa kuvunja Sheria ya Usalama Barabarani, haikulipi wewe hata shilingi. Fidia yako ni kesi ya madai, inasimama peke yake. Tena ile kesi imekuachia silaha kubwa: nenda mahakamani kaombe nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri. Sheria ya Ushahidi inasema mtu akishatiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo ni uthibitisho kamili kwamba alitenda lile kosa. Dereva hawezi kuja kwenye kesi ya madai akasema wewe ndiye uliyesimama ghafla na yeye hakuwa mzembe. Nimeona watu wanahangaika kutafuta mashahidi wa barabarani huku nakala hiyo imelala masjala.

Hilo la deiwaka wanalipenda sana matajiri wa malori. Kinachoangaliwa ni je, gari lilitoka kwa ruhusa ya mwenye gari, na dereva alikuwa kwenye kazi yake? Korosho zile zilikuwa zinaenda ghalani kwa biashara ya nani? Aliyempa ufunguo deiwaka anabeba na uzembe wake. Ndiyo maana dai hupelekwa kwa wote wawili, dereva na mwenye gari.

Na angalia namba za usajili vizuri. Kichwa kina namba yake na tela lina namba yake, na wakati mwingine wamiliki ni wawili tofauti. Andika zote, kisha hakiki bima zake kwenye mfumo wa intaneti wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, utaona kampuni iliyokata bima na tarehe inayoisha. Tajiri hajakutajia bima yake hata mara moja. Mimi ningejiuliza kwa nini.

Semi lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, hiyo ni Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto. Kinacholazimishwa na sheria ni majeraha na vifo, kwa hiyo mguu wa kijana na bega lako vimo. Gari na dagaa hutegemea mkataba wao. Mikataba mingi inalipa mali ya mtu mwingine mpaka kiwango fulani, kinachozidi anadaiwa mwenye gari. Iandikie kampuni hiyo barua sasa hivi, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, usingoje mpaka ufungue kesi. Bima ikija kusema haikujulishwa, mtasumbuana bure.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linaloniuma: huna mamlaka ya kusaini kwa niaba ya utingo. Dai lake ni lake. Chuma kile huenda kikahitaji kutolewa baadaye, na mguu unaweza usirudi kama zamani. Leo hakuna anayejua bei ya mguu ule, na tajiri anataka kuununua kabla daktari hajasema neno. Kama ulimsajili WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ana haki yake huko pia, maana aliumia akiwa kazini.

Dereva wa Tela

Mkuu pole. Mimi naendesha semi barabara hiyohiyo ya Masasi, nasema kama mtu wa usukani. "Breki zimefeli" ni neno la kwanza mdomoni kwa kila aliyegonga nyuma. Breki za upepo zina geji na zina alamu, upepo ukishuka unaonywa. Omba ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi. Ikionyesha breki nzima, dereva hakuacha nafasi. Ikionyesha mbovu, nani aliruhusu gari bovu libebe tani zote zile? Kote kuwili linarudi kwa tajiri.

Mchuuzi wa Mchinga

Shikamoo mama, ahsanteni sana wote. Shida ni kwamba kijana anahitaji hela ya dawa leo, siyo mwakani. Nikikataa zote tutakula nini? Na nimepata mtu wa kuninunulia kirikuu kama chuma chakavu.

Mama Madai

Marahaba mwanangu. Hela pokea, karatasi ibadilishe. Iandikwe "sehemu ya gharama za matibabu, si malipo ya mwisho", asaini na yeye, na cha kijana apokee kijana mwenyewe. Akikataa maneno hayo, umeshajua alikuwa ananunua nini.

Kirikuu usiuze bado. Bima wataleta mkadiriaji wa hasara, akikuta pametupu atakadiria anavyotaka. Piga picha kila upande, na chesisi kwa chini. Risiti za Ligula, nauli za kwenda kliniki, stakabadhi ya dagaa kutoka Mchinga, zote weka pamoja, maana hasara yenye hesabu mahakama inataka ithibitishwe shilingi kwa shilingi. Maumivu hayahitaji risiti, hayo hakimu hupima mwenyewe, lakini anahitaji ripoti ya daktari.

Mna miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi, na mazungumzo na tajiri hayasimamishi muda huo. Bima ikikuzungusha, peleka lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ikishindikana, Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, siyo ya Mwanzo. Kwa wakili, ulizia ustawi wa jamii hapo halmashauri watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, hawadai malipo kwa asiye na uwezo. Jumatatu nenda na mtu mzima mmoja wa kusikiliza, na mama wa kijana awepo.

Mchuuzi wa Mchinga

Nimempigia mama yake sasa hivi, amekubali kuja. Kesho asubuhi naanzia masjala kuomba hiyo nakala, nitaleta majibu hapa.