Naomba ushauri: michoro ya marehemu nyanya

Wakubwa shikamooni. Nina miaka 17, niko Mombasa. Shule zilipofungwa Machi 2020 nilianza kuchora kwa makaa ya jikoni, nyuma ya karatasi za kalenda kuukuu. Niliyemchora sana ni nyanya: leso begani, barakoa kidevuni, akilalamika kwamba pua nimeikuza mno. Alifariki Julai. Mazishini waliruhusiwa watu 15 tu, mimi sikuwemo.

Sasa mwalimu anataka niipeleke michoro ile kwenye maonyesho. Mama hataki hata kuiona. Babu naye kila jioni huniomba nimwonyeshe. Niipeleke, au nimsubiri mama kwanza?

Halafu makaa yanapukutika (vidole vya babu navyo!). Nifanyeje yashike karatasini, maana dawa ya dukani siimudu?