Kampuni ya utalii inataka kutuchimbia kisima shuleni, masharti yao yananikosesha usingizi. Naomba ushauri

Mratibu_Meru
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mratibu wa asasi ndogo huku Arumeru, tunashughulika na maji na vyoo mashuleni. Kampuni moja ya utalii ya hapa Arusha imekubali kutuchimbia kisima kirefu kwenye shule ya msingi ambayo watoto wanakwenda mtoni na madumu kabla ya kipindi cha kwanza. Wao wanaita kurudisha kwa jamii. Masharti: nembo yao ikae kwenye tangi na kwenye lango la shule miaka mitano, wageni wao waje kutembelea kila msimu, na tusipokee kampuni nyingine ya utalii kipindi hicho. Mwenyekiti wetu anataka nisaini kabla ya Ijumaa. Swali langu ni moja tu: nembo miaka mitano ni kawaida? Nawasilisha.

Chalii wa Sakina
Saini ulale. Nembo haichafui maji.

Mama Usa
Nembo haichafui, lakini maji ya huku yenyewe mmeyapima? Mimi nimezaliwa Ngarenanyuki. Meno yangu ni ya kahawia tangu yaote, na kuna wenzangu niliosoma nao miguu ilipinda, wanatembea kwa shida hadi leo. Ni madini ya floridi, yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo mbali sana. Kuchemsha hakusaidii, unazidi kuyakoleza tu. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floridi, wanatumia mkaa wa mifupa. Nendeni na sampuli kabla hamjafikiria nembo. Mto unaoukimbia unaweza kuwa na afadhali kuliko kisima.

Mratibu_Meru
Asante sana mama, shikamoo. Maji yatapimwa, iko kwenye mpango. Turudi kwenye nembo.

Kilele Moshi
Mimi nilikuwa mpagazi miaka mingi kabla sijawa mwongozaji. Kampuni niliyobebea mizigo ilikuwa inagawa madaftari shuleni, picha zimejaa kwenye tovuti yao, huku sisi tunapandishwa mlima na viatu vilivyotoboka na malipo tunayafuata wiki nzima baada ya kushuka. Ndiyo maana nawaheshimu wale wa KPAP hapa Moshi, mradi wa kutetea wapagazi wa Kilimanjaro: wanaanza kwa kuuliza mpagazi kalipwa ngapi, kala nini, kalala wapi. Kampuni ikitaka kurudisha kwa jamii, jamii ya kwanza ni waliobeba mabegi. Waulize hao wafadhili wako wanawalipaje wapagazi.

Hesabu Safi
Mratibu, umeeleza nembo, lango, wageni na msimu. Hujataja shilingi hata moja. Wanatoa kiasi gani, na ninyi mnaandika barua ya kupokea kiasi gani?

Mratibu_Meru
Kiasi sioni kama ndiyo hoja mkuu. Kisima ni kisima.

Hesabu Safi
Ndiyo hoja yenyewe. Nimefanya hesabu za asasi za mkoa huu muda mrefu. Jibu swali.

Mratibu_Meru
Sawa. Benki imeingia milioni 18. Barua wanayotaka inasema milioni 45, na siku ya uzinduzi tutapiga picha na mfano wa hundi ya milioni 45 mbele ya diwani. Wanasema zilizobaki ni gharama zao za uratibu na magari ya kuleta wageni. Kabla hamjanirukia: ningekataa, hizo 18 zingetoka wapi? Mchimbaji tumeshamlipa nusu. Sijala hata mia.

Chalii wa Sakina
Eeh, 45 kwa 18! Hiyo hundi nayo ipimwe floridi.

Mchungaji wa Njiro
Ndugu, sadaka haihitaji tarumbeta. Ukisaini uongo kwa ajili ya watoto, umewafundisha watoto uongo. Rudisha fedha.

Hesabu Safi
Mchungaji, akirudisha, kisima kinabaki shimo. Tuongee kazi.

Mratibu, watu wengi wanadhani barua ya namna hii ni ya kupunguza kodi. Haiendi mbali huko. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Ili milioni 45 zote zikubalike, kampuni inahitaji mapato ya biashara ya zaidi ya bilioni mbili. Tena asasi yenu iwe inatambuliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, kama taasisi ya hisani, na cheti cha Msajili wa mashirika peke yake hakitoshi kwa hilo.

Sasa barua ni ya nani? Umesema wageni wanaletwa kila msimu. Mimi nahisi wageni hao wameshachangia maji ya shule ndani ya bei ya safari, na kampuni inatakiwa iwaonyeshe mawakala wao wa nje kwamba fedha zilifika. Zimefika 18. Barua yako ndiyo itakayosema zilifika 45, kwa saini yako, siyo ya mwenyekiti.

Halafu kanuni za 2018 za mashirika yasiyo ya kiserikali zinataka mkataba wa fedha unaozidi milioni 20 upelekwe kwa Msajili na Hazina. Kwa 18 mko chini. Kwa 45 mnapeleka mkataba wa fedha ambazo benki haijaziona.

Ngaramtoni Kwanza
Samahani wote, mimi naona hii ni hadithi. Akaunti ni ya juzi. Kwenye mada kampuni "imekubali kutuchimbia", sasa fedha zimeingia na mchimbaji kalipwa nusu. Halafu huu ni msimu wa kampuni kuchafuana. Huyu si mratibu, huyu ni mshindani anamtengenezea mwenzake uzi.

Kilele Moshi
Kwa kweli hata mimi nimeanza kujiuliza. Shule gani? Kata gani?

Mratibu_Meru
Sitaji shule wala kampuni, na nimefungua akaunti mpya kwa sababu ofisini wanaijua ile ya zamani. Nilisema "imekubali" kwa kuwa mkataba haujasainiwa. Fedha zilitangulia. Mnaoona hadithi piteni.

Mama Usa
Hadithi au si hadithi, shule za namna hiyo zipo na watoto wanakunywa. Hesabu Safi, mwambie afanye nini.

Hesabu Safi
Andika barua ya milioni 18, tarehe ya kuingia benki, na akaunti. Kampuni ikidai imetumia nyingine kwa magari, ilete ankara, ziorodheshwe pembeni kama gharama za kampuni, zisiitwe mchango. Bodi ikae, muhtasari uandikwe, ili uzito usibaki kwako. Na hiyo miaka mitano ya kutopokea kampuni nyingine, kataa. Pampu ikifa mwaka wa pili nani atanunua?

Mratibu_Meru
Nimeongea na mwenyekiti. Barua itakuwa ya 18, amekubali kwa shingo upande. Mfano wa hundi ameomba tuuache, tayari umeshachapishwa. Nadhani picha si hati.

Hesabu Safi
Picha ukiwa umeshika 45 itasambaa kuliko barua. Usisimame hapo.

Mama Usa
Na sampuli ya maji umepeleka lini?