Kupiga picha ndege na kufuatilia namba zake: kosa liko wapi?

Mkiani_5H (mleta mada)
Wakuu, salaam. Juzi nilisimama nje ya uzio wa kiwanja kimoja cha ndege hapa nchini, barabarani kabisa, jirani na mama anayekaanga mihogo. ATR, ndege ya abiria ya mapanga, ikaja, ikashusha magurudumu, nikaipiga picha. Mlinzi akatoka mbio, akachukua kamera, akafuta kila kitu mpaka picha za kipaimara cha binti yangu.

Kwa wasioujua mchezo huu: tunazipiga ndege picha, tunasoma namba ya usajili (5H ya Tanzania, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda), halafu tunatafuta namba ya kiwandani. Ya usajili inabadilika kila ndege inapouzwa nchi nyingine. Ya kiwandani inazaliwa nayo na kufa nayo. Ukiishika hiyo, unaijua ndege tangu ilipotoka kiwandani hadi ilipokatwa chuma chakavu.

Swali langu: mtu akiwa barabara ya umma, anapiga picha ndege ya abiria, kosa lake nini hasa? Manchester kiwanja chenyewe kimetenga bustani ya watazamaji na Concorde wamewawekea humo humo. Sisi tunashindwa nini? Nawasilisha.

BabaNeema
Mwanaume mzima na kamera ya bei ya bodaboda, unaandika namba za ndege ambayo hujawahi kupanda. Kosa lako ni kukosa kazi.

Mkiani_5H
Nimepanda, na tiketi nilikata mwenyewe, sikuchangiwa na ukoo. Wewe Jumapili unakaa saa ngapi kijiweni unabishana kuhusu Simba na Yanga? Nani anakulipa?

BabaNeema
Simba na Yanga ni utamaduni. Ndege ina utamaduni gani? Povu la nini sasa?

Wakili_Kichochoro
Tuache matusi. Mleta mada, kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, ina kitu kinaitwa mahali palipolindwa. Sasa barabarani nje ya uzio ni mahali palipolindwa? Hapo ndipo pa kubishania, ila mlinzi hakai na sheria mfukoni. Na msidhani ni Afrika tu. Ugiriki, Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi 2 walikamatwa Kalamata na madaftari yao ya namba za ndege. Wakaitwa majasusi, wakawekwa ndani, wakatiwa hatiani 2002. Rufaa ndiyo ikawasafisha mwishoni mwa mwaka huo huo.

Shangazi_wa_Tabora
Sasa wewe wakili mbona unamsaidia mlinzi? Waliachiwa, maana yake hawakuwa na kosa. Umejipinga mwenyewe.

Wakili_Kichochoro
Dada yangu, soma taratibu. Nimesema waliteseka KWANZA. Kusafishwa na rufaa hakurudishi usiku uliolala mahabusu.

Kobe_Mzito
Usalama gani unaouongelea? Leo mtoto wa darasa la sita akiwa na simu anaiona ndege juu ya kichwa chake, namba yake, inakotoka, futi ngapi. Ndege yenyewe ndiyo inatangaza. Mwaka 2019 Airbus A220 yetu ilishikiliwa Johannesburg. Aliyeishika hakuhitaji picha ya Mkiani, alihitaji karatasi ya mahakama.

BabaNeema
Hilo la Johannesburg umelileta ili kuichafua serikali. Tunawajua.

Kobe_Mzito
Lilitangazwa dunia nzima, mzee. Hata hivyo ndege ikaachiwa ikarudi.

Dungudungu
Na msisahau faida. Ile ndege ya Gulfstream N379P, ya CIA, iliyokuwa ikibeba watu kwa siri baada ya Septemba 2001. Desemba ile iliwachukua Wamisri wawili pale Bromma, Stockholm. Waandishi walipoanza kuifuatilia walisaidiwa sana na watu kama Mkiani, waliosimama kwenye uzio na kuandika namba wasijue wanaandika nini.

BabaNeema
Kumbe! Si ndiyo ujasusi wenyewe huo? Umekiri.

Mzee_wa_Embakasi
Vijana, mmenikumbusha mbali. Niwape hadithi ya namba moja tu: 5H-MOG.

East African Airways, shirika la ndege la nchi zetu tatu, ilikuwa na jeti tano za abiria aina ya Super VC10. Moja, 5X-UVA, iliungua Addis Ababa Aprili 1972, ikaua watu 43. Zilibaki nne. Shirika lilipokufa 1977 likiwa na madeni shingoni, waliozitengeneza wakazirudisha kwao Uingereza. Jeshi la anga la kule likazinunua, likazigeuza kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani, likazipa namba ZA147 mpaka ZA150. Rangi zetu zikafutwa, yule simba mkiani akaondoka.

Lakini angalia namba ya kiwandani. ZA150 ni 885, na 885 ni 5H-MOG, ya mwisho kabisa kutoka kiwandani kati ya VC10 zote 54. Tuliipokea 1970. Ikaruka hadi Septemba 2013! Watu wanaona ndege ya jeshi la Malkia, mimi naona ndege niliyoipigia saluti utotoni.

Mkiani_5H
Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ndiyo maana ya mada yangu. Na dada yake 5H-MMT ikawa ZA147. MOG ilitua Dunsfold, Uingereza, tarehe 24, MMT ikaruka siku iliyofuata, 25 Septemba 2013. Baada ya hapo hakuna VC10 iliyoruka tena duniani.

Shangazi_wa_Tabora
Ngoja kwanza. 5H ni Tanzania. Kwa hiyo ndege mbili za Tanzania zilienda kuuzwa Uingereza, na Wakenya wakaanzisha shirika lao mwaka ule ule wa 1977? Nani alisaini?

Ochi_wa_Kisumu
Haya, imeanza. Wabongo mkikosa mtu wa kulaumu mnavuka Namanga. Zilikuwa mali ya jumuiya na zilikuwa na deni. Herufi zilipigwa tu kwa zamu, nchi tatu zigawane sifa. Na nani alifunga mpaka wetu mwaka 1977? Si nyinyi? Mkaufungua 1983.

Shangazi_wa_Tabora
Tuliufunga kwa sababu mlishabeba! Tulibaki na nini Dar?

Ochi_wa_Kisumu
Mlibaki na ndege zilizokutwa kwenu, hamkuziachia. Uliza wazee. Mali ziligawanywa kwa mkataba wa Arusha mwaka 1984, mlisaini na kalamu yenu.

Mkiani_5H
Jamani, mada ilikuwa kupiga picha…

Dungudungu
Mada imeshakula kona, mkuu. Ila Ochi, kama ni mali za jumuiya, tueleze hili. Makumbusho ya Reli Nairobi kuna Garratt mbili, injini kubwa za mvuke, za daraja la 59. 5918 inaitwa Mount Gelai. 5930 inaitwa Mount Shengena. Gelai iko kwetu karibu na Ziwa Natron, Shengena iko Upare. Pembeni yake ipo 3020 Nyaturu. Wanyaturu ni wa Singida! Mmebakiza nini?

BabaNeema
Kwa mara ya kwanza leo nimeelimika. Warudishe Shengena. Mimi ni Mpare.

Ochi_wa_Kisumu
Hahaha, Mpare anadai! Si ungeanza na deni?

Mzee_wa_Embakasi
Injini za daraja la 59, zote 34, zilijengwa Manchester na Beyer Peacock, 1955 na 1956, kwa ajili ya njia ya Mombasa–Nairobi. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki yote. Ndizo zilizokuwa na nguvu kuliko injini zote za mvuke za reli yenye upana wa mita moja duniani. Jina si hati ya umiliki.

Fundi_Spana
Niongeze kitu kwa wanaofuatilia namba. Kwenye injini za mvuke msiamini kibati cha ubavuni peke yake. Niliwahi kukagua moja iliyolala kwenye majani, kibati cha kiwanda kimeng'olewa, yamebaki matundu ya skrubu na kivuli cha rangi. Nikapangusa grisi kwenye fimbo za magurudumu, nikakuta zimegongwa namba tofauti na iliyoandikwa mbele. Karakana zilikuwa zinahamisha vyuma kutoka injini hadi injini ili kazi iende. Kwa hiyo hata hiyo Shengena mnayoidai, nani anajua ina vyuma vya mlima gani.

Shangazi_wa_Tabora
Fundi, wewe uko upande gani?

Fundi_Spana
Upande wa grisi.

BabaNeema
Sijali vyuma. Nataka mlima wetu. Mkiani, unayo picha yake nzuri?

Mkiani_5H
Ninazo. Nilienda mwenyewe Nairobi, nikalipa kiingilio, hakuna aliyenifukuza. Lakini si ulisema sina kazi?

BabaNeema
Tusirudi nyuma. Tuma picha.

Ochi_wa_Kisumu
Njooni mmchukue. Ana tani 252, leteni punda wa kutosha.

Dungudungu
Tutampitisha reli ya Voi–Taveta–Kahe, atafika Upareni kwa magurudumu yake.

Fundi_Spana
Haiwezekani. 59 inaweka tani 21 kwenye kila ekseli. Njia ile ilijengwa harakaharaka wakati wa vita vya kwanza, kwa reli nyepesi. Angezama kabla ya Taveta.