Kupima wanafunzi kisaikolojia: mshauri aje kwanza, na serikali ndo ilipe

Salaam ndugu zangu wa Tanga na kwingineko. Hapa mjini kuna shule moja ya sekondari wazazi wameletewa pendekezo kwenye kikao, kila mzazi atoe elfu tano, aje mtaalamu wa nje awapime wanafunzi wote kisaikolojia, watakaoonekana wana shida wapewe ushauri. Ukumbi ukagawanyika, wengine wanasema jambo jema tulipe, wengine wanasema watoto wetu sio vichaa huo ni ulaji tu. Mi siko upande wowote kati ya hizo mbili na naomba tujadili kwa heshima.

Nianze na wa "sio vichaa". Hivi nani kasema vichaa? Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 mpaka 19 ana tatizo la afya ya akili, darasa la watoto 70 hao ni kama kumi. Ni yule anayelala darasani kila siku, yule aliyenyamaza toka wazazi waachane, yule binti anayesumbuliwa na mjomba ndani ya nyumba na hana pa kusemea. Na hili la mabinti kuanguka shuleni tunalijua sote, anaanza mmoja kupiga kelele mara wameanguka wengi, wazazi wanakimbilia shule na bodaboda, shekhe anaitwa asome, mchungaji naye anaombea, watoto wanarudishwa nyumbani siku mbili tatu halafu wakirudi masomo yanaendelea kama hamna kilichotokea, hakuna hata mtu mzima mmoja aliyekaa na yule wa kwanza kuanguka akamuuliza taratibu mwanangu una nini, kulikoni huko bwenini au nyumbani. Mi dua siipingi hata kidogo. Asomewe na asikilizwe pia.

Sasa tuje kwa hawa wa elfu tano. Kupima kwenyewe sio kitu cha gharama jamani. Ipo fomu inaitwa SDQ, aliitoa daktari wa Uingereza Robert Goodman mwaka 1997, maswali 25 tu, anajaza mzazi au mwalimu au kijana mwenyewe, ya Kiswahili ipo, na ya karatasi ni bure kama hufanyi biashara. Tena fomu ile haisemi mtoto ana ugonjwa gani, inaonyesha tu nani aangaliwe zaidi. Gharama iko kwa yule mtu atakayebaki baada ya fomu. Mtoto kaandika mambo mazito yaliyomkaa moyoni miaka miwili, jioni mtaalamu kashapanda basi la Dar, karatasi imebaki kwenye kabati la ofisi ya walimu, na kabla wiki haijaisha habari zake ziko mtaa mzima wa Ngamiani. Huyo mtoto hatamwambia mtu kitu tena maisha yake yote. Bora msimpime kabisa.

Mtaniambia mwalimu wa ushauri nasaha si yupo. Yupo kwa jina, ana vipindi vyake vimejaa na shule nyingi ndo huyo huyo mwalimu wa nidhamu, yaani asubuhi kakuchapa mchana ukamwambie siri yako? Walimu siwalaumu, wamebebeshwa tu. Kuna namba 116 ya kusaidia watoto, bure kabisa, ila shuleni simu marufuku, wa bweni anaipigaje?

Kwenye hela ndo sikubaliani kabisa na mchango. Mtoto mwenye shida kubwa mara nyingi ndo yule mzazi wake hana hiyo elfu tano, au mzazi ndo shida yenyewe, sasa huyo atoe hela mwanae akamsemee? Ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, ruzuku ya serikali kwa shule ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 wa sekondari kwa mwaka mzima, na sehemu inabaki serikalini kwa ajili ya kununulia vitabu, hapo hamna cha ushauri. Mi nasema iongezwe 2,000 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa ajili ya kazi ya mshauri. Shule tatu jirani zenye wanafunzi 800 kila moja mnapata 4,800,000, haitoshi mshahara lakini inatosha nauli ya kuzunguka, chumba chenye mlango unaofungwa na kabati lenye kufuli. Mshahara utoke kwenye ajira za serikali kama mwalimu mwingine, vyuo vikuu vya Dar (UDSM) na Dodoma (UDOM) wanatoa wahitimu wa saikolojia. Mshauri mmoja azunguke shule tatu, asifundishe na asishike kiboko.

Kazi nyepesi mshauri asaidiwe na vijana. Kenya kuna shirika linaitwa Shamiri, vijana waliotoka sekondari juzi juzi wanafundishwa halafu wanakaa na wanafunzi kwa vikundi, vikao 4 vya saa moja moja, na utafiti uliotoka 2021 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zilipungua. Ila lazima awepo wa kuwasimamia, na kesi nzito ziende hospitali ya mkoa ya Bombo. Mkoa wetu sio mgeni na haya mambo, hospitali ya Lutindi kule Korogwe wanahudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Mjerumani.

Panapouma zaidi ni siri. Mi msimamo wangu mzazi asiambiwe kila kitu, aambiwe pale tu maisha ya mtoto yako hatarini, na kama anayemuumiza ni mtu wa nyumbani basi ustawi wa jamii waanze kabla ya mzazi kuitwa. Najua wazazi wengi hapa hili hamlitaki. Semeni kwanini, na matroni na walimu mliopo semeni kama inawezekana kwenye shule zenu zilivyo sasa hivi.