Santorini siku mbili: tuchukue mwongozaji wetu wenyewe au tupande basi?

Mwongozaji wa Marangu

Habari zenu wote. Naombeni ushauri kwa mliowahi kufika Ugiriki.

Mimi napandisha wageni Kilimanjaro, huu ni mwaka wa kumi na nne. Mwaka juzi niliwapandisha mzee mmoja na mkewe. Yule mama alizidiwa na kichwa pale Kibo, nikashuka naye usiku ule ule hadi Horombo, mzee akaendelea na msaidizi wangu. Tangu siku hiyo tunaongea kama ndugu. Sasa wametualika mimi na mke wangu kwao Athens mwezi wa Mei, maana masika mlima unanyamaza na mimi nakuwa nyumbani. Katikati ya safari wametukatia tiketi ya meli twende Santorini siku mbili peke yetu, kwa kuwa wao watakuwa kazini.

Nimesoma kwamba ni kisiwa cha mizabibu. Wenyeji wetu wanasema wako watu wa hapo hapo kisiwani wanaochukua wageni wawili watatu kwenye gari lao na kuwazungusha mashambani na kwenye vyumba vya mvinyo kwa nusu siku. Bei waliyotutajia imenishtua. Lipo basi la watalii, watu kama 40, kwa bei ya robo ya hiyo. Na ziko daladala zao za kawaida.

Kinachonisumbua ni hiki. Mke wangu hagusi pombe, ni mwanakwaya wa Kilutheri na hata mbege hajawahi kuionja. Nilipe hela yote hiyo ili mimi nionje glasi nne? Lakini upande wa pili naijua kazi ya mwongozaji. Mgeni akipita Marangu mwenyewe na gari, anaona migomba tu pembeni mwa barabara. Haoni kihamba, yaani shamba la nyumbani, haoni mfongo, ule mfereji wa maji, unaopita chini ya uzio, hajui kwa nini kahawa imepandwa kivulini. Huwa naumia. Nisingependa na mimi nipite shambani kwa mtu namna hiyo.

Kijana wa Soweto

Kaka, mimi nilikuwa nasoma kule, nikaenda Santorini na marafiki kwa daladala zao. Zinaitwa KTEL. Ni rahisi na zinafika karibu kila kijiji, ila zote hukutana Fira, mji mkuu wa kisiwa, kwa hiyo kila unapotaka kwenda lazima urudi Fira kwanza ubadilishe. Kijiji cha Oia jua linapozama ni msongamano, watu bega kwa bega kwenye vichochoro. Pazuri, sikatai.

Mizabibu sikuiona. Niliona vichaka vifupi vimetawanyika kwenye mchanga mweusi, nikadhani ni mashamba yaliyoachwa. Kama shida ni hela, basi linatosha.

Dada wa Sakina

Hivyo vichaka alivyoviona Kijana wa Soweto ndiyo mizabibu yenyewe. Kwa hiyo kaka, mimi nakwambia lipa mwongozaji.

Mimi ni mpishi wa kambi, nazunguka na wageni Tarangire hadi Serengeti. Agosti 2023 nilimfuata dada yangu, ambaye ameishi Athens miaka mingi, tukaenda Santorini wanne: mimi, dada, shemeji na binti yao wa miaka 9. Siku ya kwanza tulipanda basi la kundi. Iliniuma. Vituo vitatu, kila kimoja dakika 40. Unapewa glasi, unaelezwa kwa kipaza sauti, unapitishwa kwenye rafu za chupa za kuuza, unarudi garini. Ng'ambo ya maegesho lilikuwepo shamba, hatua 20 hivi, na hakuna aliyetuvusha. Binti alimaliza siku yake kwenye kiti cha basi.

Kesho yake dada akampigia mama mmoja, mzaliwa wa Megalochori, kijiji cha ndani ya kisiwa. Alikuja na gari lake dogo saa 12 na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Hakuanza kwa kutupeleka kuonja. Alisimama kando ya barabara chini ya kijiji cha Pyrgos, akashuka, akaingia shambani na kuchuchumaa, nasi tukachuchumaa naye.

Sasa kaka, fikiria ngata. Ile ya majani makavu ya mgomba, anayosokota mama kabla hajajitwisha mkungu kwenda soko la Mbuyuni. Mzabibu wa pale ndivyo ulivyo. Matawi yamesukwa kwa mkono, yanazungushwa mwaka hadi mwaka mpaka yanakuwa ngata kubwa, au tuseme tenga lisilo na kitako, limekalia mchanga. Hakuna nguzo wala waya. Wenyewe huliita kouloura. Yule mama alifunua majani kwa vidole viwili, na mle kivulini vishada vilikuwa vimelala, zabibu za kijani zinazoelekea njano. Akaniambia niingize mkono. Nje upepo ulikuwa unanivua kilemba, lakini ndani ya lile tenga palikuwa shwari kabisa. Nikautoa mkono umelowa umande.

Hapo ndipo akaanza kueleza, na nilimwelewa kwa sababu nilikuwa nimeshashika. Kisiwa hakina mto. Sisi tuna maji yanayoteremka toka mlimani, wao mvua yao ni ya miezi ya baridi, na ni kidogo, kisha kiangazi chote hakuna tone. Usiku unyevu na ukungu hupanda toka baharini. Udongo wao ni majivu ya volkano na yale mawe mepesi yenye matundu, jiwe lile lile tunalosugulia visigino. Lile jiwe hufyonza unyevu usiku na kuutoa taratibu mchana, na mzabibu unakunywa humo. Upepo wa Julai na Agosti ni mkali, unabeba mchanga. Zabibu ingening'inia juu kwenye waya ingekwanguliwa ngozi, ndiyo maana wamezilaza ndani ya tenga.

Tulikuta wanavuna. Wazee wawili na kijana mmoja, migongo imepinda, kwa sababu zabibu iko usawa wa kifundo cha mguu na hakuna mashine inayoweza kuingia hapo. Mama wetu aliwasalimia mmoja mmoja kwa jina, wakamuuliza habari za mama yake. Mzee mmoja akampa binti kisu kifupi, akamwonyesha wapi pa kukata. Binti alikata kishada kimoja, akakipakata mpaka Pyrgos. Aina hiyo inaitwa Assyrtiko. Ina uchachu kama ndimu, na nyuma yake kuna kitu kama chumvi.

Mzizi nao una habari yake. Tenga likizeeka na kuzaa kidogo, wanalikata lote usawa wa ardhi. Mzizi unachipua, wanaanza kusuka upya. Kwa hiyo juu unaona mti wa miaka kadhaa, lakini chini kuna mzizi wa mababu, mingine umri wake ni wa karne. Karne ya 19 mdudu aitwaye filoksera alikula mizizi ya mizabibu karibu Ulaya nzima, wakalazimika kupandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Marekani. Santorini hakupaweza, maana kwenye mchanga ule usio na mfinyanzi hawezi kuishi. Mizabibu ya pale imesimama kwa mizizi yake yenyewe. Nilipomaliza kusikia hayo nililishika lile shina, ni gumu na limepindapinda kama kamba ya meli. Kwa kweli machozi yalinilenga, nilimkumbuka bibi yangu na mibuni yake kule Meru.

Kuhusu mkeo. Dada yangu naye hanywi, na ndiye aliyefurahi kuliko sisi sote. Kwenye ua mmoja zabibu zilikuwa zimeanikwa chini, zinakaa juani siku 12 hadi 14 zikisinyaa, ndizo zinazotoa mvinyo mtamu wa Vinsanto. Dada alizila vile vile zikiwa nusu kavu. Mei hamtakuta hilo wala mavuno, mtakuta majani mabichi na vishada vichanga mno, ila msuko wenyewe unaonekana vizuri zaidi kabla majani hayajajaa. Mchana tulikula fava, ni jamii ya kunde, ya njano, inapondwa mpaka inalainika kama kiburu kisicho na ndizi, kisha vitunguu na mafuta ya zeituni juu. Na nyanya zao ndogondogo zisizomwagiliwa, tamu kupita zote nilizowahi kupikia. Mwambieni mwongozaji mapema kuwa mkeo hanywi, asione aibu mbele ya watu wa kiwandani. Wetu alimwombea dada juisi ya zabibu bila hata kuulizwa.

Mwombeni pia chumba kimoja tu cha mvinyo, kidogo, cha familia. Hivyo vya zamani vinaitwa kanava, vimechimbwa ndani ya mwamba wa majivu, ukiingia unasikia ubaridi kama wa pangoni. Kimoja kwa moyo mtulivu kinatosha. Muda unaobaki mwende Akrotiri. Ni mji uliofukiwa na majivu volkano ilipolipuka, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, wakaanza kuufukua 1967. Sasa una paa juu, unapita kwenye vijia unaona nyumba za ghorofa na mitungi mikubwa imesimama ilipoachwa. Wewe umezoea Ngorongoro, utaelewa haraka: ni volkano iliyobomoka ikaacha shimo, ila hii bahari iliingia ndani. Angalieni jambo moja, kueleza wageni ndani ya maeneo ya kale ya Ugiriki kunahitaji leseni, kama ilivyo kwetu hifadhini. Dereva tu hawezi kuingia nanyi kama mwongozaji, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa.

Bei: kwa yule mama ilikuwa ya gari zima, si ya kichwa. Tulilipa euro 300 kwa saa tano, tukagawana. Kwa watu wawili ni mzigo. Kama mnaweza kupata wawili wengine wa kuaminika hotelini, mwulizeni kama anakubali.

Mgogo wa Njiro

Dada, nimesoma mara mbili. Mimi nimekulia shamba la zabibu Hombolo. Dodoma mizabibu tunaipandisha kwenye nguzo na waya, na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hiyo ya kuulaza mti chini ungemwambia baba yangu angekataa kukusikiliza.

Mangi, ukifika muulize mwongozaji nani anapogolea. Kupogolea ndiko kuna akili ya shamba, kuvuna hata mtoto anaweza. Uliza kama vijana wanafundishwa kusuka hilo tenga, au wamebaki wazee.

Dada wa Sakina

Kaka wa Njiro, umegusa penyewe. Wanapogolea wakati wa baridi, na hapo hapo ndipo wanaposuka. Yule mama alituambia wanaojua kusuka vizuri wanazidi kuwa wachache, na vijana wengi wako hotelini. Tukiwa njiani alituonyesha sehemu mbili ambapo shamba la majirani zake limekuwa nyumba za wageni zenye bwawa la kuogelea. Matenga machache yalikuwa yamebaki kwenye kona, hayajapogolewa, matawi yametambaa ovyo. Hakusema neno hapo, alipunguza mwendo tu.

Ndiyo maana nasema hela iende kwa mtu wa pale. Yule mama ana vijistari vyake mwenyewe vya mizabibu. Anachopata kwa wageni ndicho kinachomfanya asiuze.

Mwongozaji wa Marangu

Dada, ahsante sana. Nimemsomea mke wangu yote, akaniuliza kama wanaruhusu mgeni kusuka. Nimemwambia Mei si msimu, lakini tutaomba tuonyeshwe hata kwa tawi lililokauka. Yeye anasuka mikeka, nadhani ndiye atakayeelewa kuliko mimi.

Tumeamua kumchukua mtu wetu wenyewe, nusu siku ya kwanza, tukianza alfajiri. Siku ya pili tutatembea kwa daladala kama alivyosema Kijana wa Soweto. Oia tutapita asubuhi. Swali la mwisho: nataka kumpelekea huyo mwongozaji kahawa ya kihamba chetu. Arabika, tunaikaanga wenyewe kwenye chungu. Ni heshima au nitamsumbua?

Dada wa Sakina

Peleka. Iliyokaangwa, uifunge vizuri, iwe na jina lake ili forodhani ieleweke. Mimi nilimwachia yule mama kilemba changu kwa sababu sikuwa na kitu kingine mkononi, akakifunga hapo hapo garini. Na umwambie kahawa hiyo imekulia chini ya mgomba, kwenye udongo wa volkano kama wake. Ataishika kabla hajainusa.