Tupeane uzoefu: kwenye Guess Who's Coming to Dinner ulijiona kwa nani?

Mleta uzi: Wakuu, juzi nimeirudia na wife hii filamu ya 1967, ile Sidney Poitier anapelekwa ukweni San Francisco na binti wa kizungu. Baba wa binti (Spencer Tracy) ana gazeti lake, miaka yote anahubiri usawa, sasa usawa umebisha hodi sebuleni kwake jasho linamtoka. Kumbukeni wakati wanaipiga majimbo 16 ya Marekani ndoa ya mweusi na mzungu ilikuwa bado kosa kisheria, Mahakama ya Juu imekuja kufuta tarehe 12 Juni mwaka huohuo na filamu ikatoka Desemba. Ila kinachonikera, Poitier kapewa kila kitu, daktari mkubwa, kafanya kazi na Shirika la Afya Duniani, adabu mpaka akipiga simu ya mbali kwa wakwe anaacha hela mezani, na BADO wanamjadili. Nani kapitia hii ya kutakiwa uwe malaika ndio ukubalike? Funguka.

Mbeba_maboksi: Mimi hapa, Ohio. Wakwe watu poa sana, lakini siku ya kwanza ndani ya gari mwenzangu ananikumbusha usisahau kuwaambia unasoma masters, mara mbili! Shemeji yangu mwenyeji anauza matairi hakuna aliyemuuliza shule. Hiyo hela ya simu naielewa vizuri, mimi nilikuwa kila nikimaliza kula nakimbilia kuosha vyombo mpaka mama mkwe akaniambia hebu kaa, mashine ipo.

Binti Tanga: Nyie mnamtazama Poitier tu, mimi namtazama Tillie dada wa kazi (Isabel Sanford). Ndo mweusi pekee anayekaa kwenye ile nyumba na ndo mkali kuliko wote, anamfuata daktari chumbani anamchamba kama tapeli. Posa yangu aliyeipinga hakuwa baba, alikuwa bibi yangu, mweusi tii kama mimi, maana upande wa mchumba wanajihesabu Waarabu. Akasema hao siku ukikosea chumvi watakukumbusha asili yako. Tillie kwenye filamu hapewi nafasi ya kusema anaogopa nini, kafanywa kichekesho. Bibi alisema, na chumvi ilikosewa kweli, basi tu.

Mzee wa Deki: Sisi Mombasa tuliitazama kwenye mkanda mpaka ukawa unakwaruza. Beah Richards anayecheza mamake Poitier alimzidi miaka saba tu, 1920 na 1927, lakini ukimuona unasema huyu kamzaa kweli. Dakika zake chache, anamwambia Tracy nyinyi wanaume mkizeeka mnasahau mlivyopenda, na hapo ndipo yule mzee anageuka. Halafu hotuba ya mwisho anapewa nani? Tracy! Wengine wote wamekaa wanasikiliza mzee wa kizungu akiamua. Mie nimeoa bara, wazee wa pande mbili walibishana mpaka alfajiri, waliomaliza mambo ni mama zetu jikoni na hakuna aliyewataja kwenye shukrani.

Nyakio wa Ujerumani: Manze hata busu, mmeona? Moja tu, ndani ya teksi, na tunalionea kwa kioo cha dereva. Na mmesahau dad wa Poitier, posta mstaafu, naye hataki kabisa. Kwangu ilikuwa hivyo, wakwe Wajerumani walinikubali haraka, aliyenuna ni babangu. Nairobi nayo tukiingia hoteli weita anampa mume wangu bili mimi ananiangalia vile anajua mwenyewe.

Mbeba_maboksi: Sasa mtafute ile ya 2005 walivyogeuza, Bernie Mac ndo baba mweusi na Ashton Kutcher ndo anapelekwa ukweni. Mzungu hana kazi, anaficha kwamba hana kazi, na binti anampata 😂😂